Mama Neema, njooni Juma Kuu

Sevilla, Hispania, 14 Novemba 2026

Mpendwa Mama Neema,

Tumsifu Yesu Kristo! Natumaini hamjambo nyote hapo Morogoro, na kwamba Bibi amepata nafuu ya goti. Sisi ni wazima, tunamshukuru Mungu. Baba Baraka yuko zamu ya usiku, watoto wamelala, ndiyo maana nimepata nafasi ya kukujibu vizuri badala ya zile sauti fupi fupi za kwenye simu.

Umeniuliza kama si afadhali mje Agosti, na kama watoto hawataogopa yale maandamano ya watu waliofunika nyuso uliyoyaona mtandaoni. Agosti usije. Joto la hapa linapita nyuzi 40, mchana mji mzima unajifungia ndani, na wenyeji wengi wanakimbilia baharini. Njooni Juma Kuu. Pasaka ya mwaka 2027 ni tarehe 28 Machi, kwa hiyo Jumapili ya Matawi ni tarehe 21, wakati michungwa ya mitaani inatoa maua. Ukifungua dirisha asubuhi harufu yake inaingia mpaka jikoni, na jioni inachanganyika na ubani.

Nakuomba hivyo kwa sababu ya watoto hasa. Kwetu, unajua mwenyewe, Ijumaa Kuu mtoto anakaa kwenye benchi anaambiwa "tulia" kuanzia mwanzo wa ibada hadi mwisho. Hapa nimeona kitu ambacho natamani Neema na Daudi wakione: mtoto ana kazi yake ndani ya Juma Kuu. Hakuja kuangalia tu.

Wiki chache kabla ya Matawi, mafundi hufunga mteremko wa mbao mbele ya Kanisa la Salvador, ili majukwaa ya sanamu yaweze kushuka kutoka mlangoni hadi uwanjani. Ukishafungwa tu, watoto wanauvamia. Wanapanda mbio, wanateleza kwa makalio, suruali zinachakaa, na wazazi wamesimama pembeni wanapiga soga. Hakuna anayewafukuza. Kisha Jumapili ya Matawi, mteremko huohuo ndio unaoteremsha jukwaa la Bwana Yesu aliyepanda punda, ambalo watu wa hapa wanaliita La Borriquita, na mbele yake wanatangulia mamia ya watoto waliovaa kanzu nyeupe, wameshika matawi ya mtende yanayowazidi kimo. Mama zao wanatembea ubavuni na chupa za maji. Siku hiyo kila mtu anavaa kitu kipya, walau soksi, maana wahenga wa hapa wanasema Jumapili ya Matawi asiyevaa kipya hana mikono. Kwa hiyo shona nguo mapema.

Sasa nikueleze maandamano yenyewe. Yanaandaliwa na vyama vya kitume, wanaviita hermandad, na vile vinavyotoka wiki hiyo vinafika kama 60. Kila chama kina kanisa lake, rangi zake na sanamu zake, na kila kimoja kinatembea kutoka parokiani kwake hadi Kanisa Kuu na kurudi. Vingine vinachukua zaidi ya saa 12 njiani. Watu wengi wanaandikishwa na wazazi wao tangu wakiwa wachanga, kama sisi tunavyowahi kumbatiza mtoto. Utamwona babu, mwanawe na mjukuu kwenye mstari mmoja, na yule mdogo kabisa kabeba kikapu cha peremende za kuwagawia watu.

Wale waliofunika nyuso ndio nazareno. Najua ulichofikiria ulipowaona, maana hata mimi nilifikiria hivyohivyo: wale wabaguzi wa Marekani, Ku Klux Klan. Hawahusiani kabisa. Kofia hii iliyochongoka ni vazi la toba, na Hispania imevaliwa karne nyingi kabla ya wale wa Marekani kuwapo. Uso unafunikwa ili mtu afanye toba yake bila kujulikana, tajiri na fukara wawe sawa. Waeleze watoto kabla hamjafika, na siku ya kwanza tutasimama karibu kabisa, si mbali. Mtoto akimwona nazareno anainama, anaingiza mkono wenye glavu ndani ya kanzu na kumtolea peremende au picha ndogo ya Bikira Maria, woga wote unaisha hapohapo. Baraka wangu alianza akiwa amejificha nyuma ya miguu yangu, akaishia mstari wa mbele.

Halafu kuna mpira wa nta, na hiki ndicho kitu Baraka anachokisubiri mwaka mzima. Nazareno wanabeba mishumaa mirefu. Maandamano yanaposimama, mtoto anakwenda na kidonge cha karatasi ya fedha, ile ya kufungia chakula, anakiinua juu na kuomba: "¿Me das cera?", yaani "Unanipa nta?" Yule nazareno anainamisha mshumaa, nta inadondoka, mtoto anazungusha mpira polepole ili isimwagikie upande mmoja. Inaganda palepale. Chama kinachofuata kina nta ya rangi nyingine, inakaa juu ya ile ya kwanza. Mpira haumalizwi mwaka mmoja, unawekwa kabatini na mwaka unaofuata unaendelea kukua. Wa Baraka sasa hivi umefika ukubwa wa chungwa, na ukiutazama palipokwaruzika unaona tabaka: nyeupe, nyekundu, zambarau, nyeupe tena. Mzee jirani yetu wa ghorofa ya pili bado anautunza wake wa utotoni. Nitawaandalia Neema na Daudi vidonge vyao. Kumbuka tu kwamba vyama vinavyotembea kwa ukimya, vile vya kanzu nyeusi kama El Silencio na Gran Poder, haviombwi kitu. Hapo hata watoto wa hapa wanajua kunyamaza.

Majukwaa ya sanamu hayana injini. Yanabebwa na wanaume walioingia chini yake, wanaoitwa costalero, wamefungwa kitambaa kinene kichwani hadi kisogoni, na uzito wote, unaopita tani moja, unakaa hapo chini ya shingo. Wamefunikwa na pazia, hawaoni wanakokwenda. Kiongozi wao anatembea mbele na kuwaelekeza kwa sauti, na mbele ya jukwaa kuna kirungu cha chuma. Akikigonga wanajiandaa, akikigonga tena wote wanaruka kwa pamoja na jukwaa linapaa. Mara ya kwanza nilipoona sanamu ya Bikira Maria wa Macarena inainuliwa hivyo, mishumaa yote ikatikisika bila kuzimika, machozi yalinitoka. Yeye mwenyewe ana machozi ya kioo mashavuni. Kifuani ana vito vya kijani alivyozawadiwa na Joselito, mpiganaji maarufu wa fahali, na Joselito alipouawa na fahali mwaka 1920, wenyeji walimvika Bikira nguo nyeusi za msiba. Hivyo ndivyo wanavyoishi naye, ni mtu wa nyumbani.

Alhamisi Kuu kuna mahali lazima tuende, na hapa nakuomba usikilize kwa makini. Kwenye mtaa wa Recaredo kuna kanisa dogo la Bikira Maria wa Malaika. Chama chake kimekuwapo tangu mwisho wa karne ya 14, na aliyekianzisha ni Askofu Mkuu Gonzalo de Mena, kwa ajili ya Waafrika wa mji huu. Sevilla ya karne ya 15 na 16 ilikuwa na watumwa weusi wengi kuliko karibu mji wowote wa Ulaya, na kanisa hili ndilo lililokuwa lao. Kwa karne nyingi wanachama walikuwa watu weusi, ndiyo maana mpaka leo chama kinaitwa Los Negritos, yaani "weusi wadogo". Wao wenyewe wanasimulia kwamba katika karne ya 17 wanachama wawili waliokuwa watu huru walijiuza utumwani ili zipatikane fedha za kumheshimu Bikira Maria. Siku hizi karibu wote ni wazungu. Lakini Msalaba wanaoutoa Alhamisi Kuu, uliochongwa na Andrés de Ocampo mwaka 1622, ndio uleule ambao watu waliofanana na sisi walipiga magoti mbele yake. Huwa nawapeleka wanangu pale, nawashika mikono, nawaambia: hapa hatukuja juzi. Nataka Neema naye asikie hivyo akiwa amesimama mahali penyewe.

Asubuhi ya siku hiyohiyo wanawake wanavaa gauni jeusi na mtandio mweusi wa lesi uliosimamishwa kwa kitana kirefu, wanatembelea makanisa kuabudu Ekaristi. Ni wakati mzuri wa kupita mjini.

Usiku unaofuata, wa kuamkia Ijumaa Kuu, vyama sita vinatembea hadi kunakucha na zaidi. Nisikilize mimi mwenye watoto: tusikeshe. Tulale, tuamke alfajiri, tuvuke kwenda Triana, mtaa wa ng'ambo ya mto, tumsubiri Bikira wa Tumaini anaporudi kwake asubuhi akipita juu ya daraja la mto Guadalquivir. Wauza maandazi marefu ya kukaanga wanakuwa wameshafungua, tutawanunulia watoto na chokoleti nzito ya moto. Ukibahatika utasikia mtu anaimba saeta kutoka kibarazani cha ghorofani. Ni sala ya kuimba, hakuna ala yoyote, sauti ya mtu mmoja tu, na umati wote unasimama kumsikiliza.

Kuhusu chakula usiwe na wasiwasi. Ni Kwaresima, watu wanakula mchicha uliopikwa na dengu na bizari, na samaki aliyekaushwa kwa chumvi, anayelowekwa zaidi ya siku nzima kabla ya kupikwa. Kitamu cha msimu ni torrija: kipande kinene cha mkate kinalowekwa kwenye maziwa au divai nyeupe, kinachovywa kwenye yai, kinakaangwa, halafu kinamwagiwa asali. Jirani yangu amenifundisha. Siri yake ni mkate wa jana, maana mbichi unasambaratika. Mimi natumia maziwa na kuongeza iliki, naye sasa anaomba ya kwangu.

Maandamano huanza mchana, kwa hiyo asubuhi tutawatembeza. Tutapanda Giralda, mnara wa Kanisa Kuu. Ulijengwa karne ya 12 ukiwa mnara wa msikiti, na ndani hauna ngazi bali mteremko unaozunguka, ili mwadhini apande juu ya mnyama wake. Kwa miguu ya Daudi ni rahisi kuliko ngazi. Kisha uwanja wa Plaza de España, uliojengwa kwa maonyesho ya mwaka 1929, kuna mfereji na mitumbwi ya kukodi, na bustani ya María Luisa iko hapohapo. Bustani za Alcázar, jumba la kifalme, zina tausi wanaotembea huru, ila tiketi lazima ikatwe mapema.

Jambo moja nikutayarishe nalo: Jumapili ya Pasaka yenyewe ni tulivu. Ukilinganisha na kwetu, ngoma, vigelegele, kwaya na pilau, utaona kama mji umechoka. Mimi kwa kweli hapo ndipo nakumbuka nyumbani kuliko siku zote. Kwa hiyo Misa ya mkesha tutasali parokiani kwetu, usiku huohuo saa zinasogezwa mbele kwa saa moja, na mchana tunapika pilau la nguvu na kuwaita majirani. Mwaka ujao nitakuwa na msaidizi wa kupiga vigelegele.

Mvua ndiyo pekee inayoweza kutuharibia. Hawatoi sanamu za kale kwenye maji, na mwaka 2024 vyama vingi vilibaki ndani. Niliona wanaume wazima wanalia mlangoni mwa kanisa. Ikitokea hivyo, tutaingia kusali nao mlemle ndani.

Anza viza sasa. Maombi ya viza ya Schengen, ile ya nchi nyingi za Ulaya, yanapokelewa hadi miezi sita kabla ya safari, usisubiri Februari. Barua ya mwaliko nitashughulikia mimi, wewe niandikie majina kama yalivyo kwenye pasi, pamoja na tarehe. Shuleni omba ruhusa mapema. Viatu viwe vya kutembea, na sweta ya usiku kwa kila mmoja. Usimlipe mtu yeyote anayekutangazia viti vya kukalia, vya njia kuu hukodishwa kwa msimu na vingi viko mikononi mwa familia zilezile miaka nenda miaka rudi. Sisi tunasimama kwenye kona yetu, na jina na namba yangu ya simu nitawaandikia watoto mkononi kwa kalamu.

Mizigo ikiruhusu, niletee majani ya chai na vitenge viwili vya aina moja. Niambie vipimo vya Neema na Daudi, na vya wanangu nitampa fundi wa hapa, ili siku ya Matawi watoto wote wanne wavae sare. Nisalimie Baba Neema, Bibi, na akina mama wote wa jumuiya.

Wako akupendaye,
Mama Baraka