Omeprazoli humezwa kabla ya chai, si kifua kikishawaka

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu ya wasomaji tuzungumzie kiungulia, hasa jinsi dawa zake zinavyouzwa na kumezwa. Mteja hufika dirishani akisema ana "gesi" au "vidonda". Anauziwa vidonge vinne vya omeprazoli, dawa inayozuia tumbo lisitengeneze tindikali, na vidonge kadhaa vya magnesia ya kutafuna, anameza omeprazoli moja usiku kifua kinapowaka baada ya kula, na siku ya tatu anawaambia majirani kwamba dawa ni feki. Mara nyingi dawa ni nzima kabisa, ila imemezwa saa ambayo haina kazi ya kufanya.

Mwisho wa umio, yaani bomba la chakula kutoka kooni, pale unapoingia tumboni, pana msuli wa duara unaojibana chakula kikishapita. Ukilegea wakati si wake, tindikali hupanda juu. Tumbo lina utando wa kujikinga na tindikali yake lenyewe, umio hauna, ndiyo maana moto unasikika kifuani na uchachu unafika kooni. Kwa wagonjwa wengi msuli huo haujaharibika: unalegea kwa sekunde chache mara nyingi kuliko kawaida, hasa tumbo likiwa limejaa. Kwa wengine sehemu ya juu ya tumbo imepenya tundu la kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na kukaa kifuani, hali inayoitwa ngiri ya kiwambo. Kitambi husukuma kutoka chini. Mimba hufanya yote mawili, kwani homoni zake hulegeza msuli na mtoto husukuma tumbo.

Zipo pia dawa zinazochangia, na hapa watu wachache huuliza. Amlodipini na nifedipini za shinikizo la damu, aminofilini ya pumu na amitriptilini zote zinaweza kulegeza msuli huo. Usiziache kwa uamuzi wako, mwambie daktari aangalie kama kuna mbadala. Doksisaiklini na vidonge vya madini ya chuma vina kosa jingine: vikimezwa na funda moja la maji kisha mtu akajilaza, hung'ang'ania kwenye umio na kuuchoma papo hapo. Hivyo humezwa na glasi nzima ya maji, na mtu akae wima angalau nusu saa.

Kiungulia si vidonda vya tumbo, ingawa mtu anaweza kuwa navyo vyote viwili. Kidonda huuma chini ya chembe ya moyo, na mara nyingi husababishwa na bakteria wa H. pylori au dawa za maumivu kama diklofenaki. Kiungulia huwaka nyuma ya mfupa wa kifua, huzidi ukiinama au ukilala, na bakteria huyo si chanzo chake. Kwa hiyo dozi ya siku 14 ya antibayotiki mbili na kidonge cha kupunguza tindikali, inayotolewa kwa mtu ambaye tatizo lake ni kucheua moto usiku, haimwondolei shida hiyo. Kinacholeta mkanganyiko ni kipimo cha haraka cha damu. Kipimo hicho hutafuta kingamwili, nazo hubaki mwilini muda mrefu hata bakteria akishakufa. Katika nchi zetu zaidi ya nusu ya watu wazima wamewahi kuambukizwa, basi jibu la "positivu" linapatikana kwa urahisi sana. Kipimo cha choo kinachotafuta bakteria mwenyewe ni bora zaidi, mradi mgonjwa awe ameacha omeprazoli kwa wiki mbili na antibayotiki kwa wiki nne kabla ya kupima.

Sasa omeprazoli yenyewe. Ndani ya kile kidonge cha ganda mna chembechembe zilizofunikwa ili tindikali isiziharibu. Huyeyuka kwenye utumbo mdogo, dawa ikaingia kwenye damu, na damu ndiyo inayoipeleka hadi kwenye chembe hai zinazotengeneza tindikali. Chembe hizo zina pampu za kumwagia tindikali tumboni, na dawa ikifika hufunga zile zinazofanya kazi tu. Pampu iliyolala haiguswi, na kinachoziamsha pampu kwa wingi ni chakula, hasa kile cha kwanza baada ya usiku mzima bila kula. Dawa haikai kwenye damu muda mrefu, ni saa chache tu. Ndiyo sababu ya kumeza miligramu 20 dakika 30 hadi 60 kabla ya chai ya asubuhi: chai inaposhuka na pampu kuamka, dawa iwe imeshafika. Anayemeza saa nne usiku, ameshashiba na anakwenda kulala, amepoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Mwenye shida ya usiku ambaye daktari amemwongezea dozi ya pili, aimeze kabla ya chakula cha jioni, si kitandani.

Siku ya kwanza haifungi pampu zote. Nguvu kamili huja baada ya siku tatu hadi tano za kumeza mfululizo, kwa hiyo kununua vidonge viwili viwili kila kifua kikiwaka ni kutupa fedha. Kwa kiungulia kinachorudi mara mbili au zaidi kwa wiki, kwa mtu asiye na dalili za hatari, kawaida ni wiki nane kila siku, kisha kujaribu kuacha. Na hapo kwenye kuacha ndipo wengi wanapokwama: tumbo lililozuiwa kwa wiki nane hutoa tindikali kwa wingi likiachiwa ghafla, kiungulia kinarudi kikali, na mtu anaamini hawezi tena kuishi bila dawa. Meza siku moja ruka moja kwa wiki mbili hadi nne, na siku ya kuruka tumia dawa ya kutafuna ikibidi. Wasioacha ni wale ambao kamera inayoingizwa kupitia kooni imeonyesha umio umechubuka vibaya, au wanaomeza aspirini kila siku na waliwahi kuwa na kidonda. Hao huendelea kwa usimamizi wa daktari. Anayetumia klopidogreli kwa ajili ya moyo aombe pantoprazoli badala ya omeprazoli, kwa sababu omeprazoli hupunguza nguvu ya dawa hiyo.

Ombi letu kwa wenzetu wa maduka ya dawa ni kwamba "1 x 1" kwenye bahasha haitoshi. Andikeni "1 asubuhi, nusu saa kabla ya chai, usitafune". Asiyeweza kumeza ganda alifungue, anyunyize chembechembe kwenye kijiko cha mtindi na ameze mara moja bila kuzisaga kwa meno.

Dawa za kutafuna na za maji, yaani magnesia, aluminiamu na mchanganyiko wake, hazizuii tindikali isitengenezwe. Zinaizimua ile iliyokwisha kumwagika. Husaidia ndani ya dakika chache na hudumu kidogo tumbo likiwa tupu, zaidi kidogo zikitumiwa saa moja baada ya kula. Magnesia huharisha, aluminiamu hufunga choo. Eno na poda nyingine za povu zina sodiamu nyingi, hazimfai mwenye presha, moyo au figo.

Hatari kubwa ya dawa hizi za kutafuna na za maji ni jinsi zinavyonasa dawa nyingine na kuzizuia zisiingie mwilini. Anayetumia ARV zenye dolutegraviri azimeze saa mbili kabla ya magnesia, au saa sita baada yake. Kwa mfano, kama ARV zako ni za saa mbili usiku, magnesia ya mwisho mchana isipite saa nane, na nyingine isubiri hadi saa nne usiku. Mjamzito naye asichanganye magnesia na FEFO, vile vidonge vya madini ya chuma na foliki, aziachanishe kwa saa mbili. Siprofloksasini na doksisaiklini hunaswa vilevile. Walio kwenye ARV za mstari wa pili, yaani zinazotolewa za kwanza zikishindwa, zenye atazanaviri wasinunue omeprazoli hata moja kabla ya kuongea na kliniki yao.

Ranitidini ilianza kuondolewa sokoni katika nchi mbalimbali tangu 2019 kwa ajili ya uchafu wa kemikali unaohusishwa na saratani. Ukiikuta kabatini, itupe. Famotidini miligramu 20 inashika nafasi yake vizuri, ingawa mwili huizoea ikitumiwa kila siku.

Kuhusu chakula, tunadhani wagonjwa wanaonewa. Mtu anakatazwa maharage, ndimu, nyanya, chai, kahawa na pilipili kwa pamoja, anabaki na ugali mkavu. Andika kwa wiki moja ulichokula na saa kiungulia kilipokuja, acha kile tu kinachojirudia. Maziwa hutuliza kidogo kisha huchochea tindikali zaidi. Chenye uzito ni saa: chipsi mayai ya saa tano usiku ikifuatiwa na kitanda itamshinda hata mwenye msuli mzima. Yapite masaa matatu kati ya chakula na kulala, na ulale ubavu wa kushoto. Miguu ya kitanda ya upande wa kichwa iinuliwe sentimita 15 hadi 20. Tofali la inchi sita likilazwa linatosha kabisa. Kurundika mito hakusaidii, kwa sababu mwili unakunjika kiunoni na tumbo linabanwa zaidi. Kupunguza kitambi, hata kilo chache, kunawasaidia wengi kuliko dawa ya pili.

Upasuaji upo. Sehemu ya juu ya tumbo huzungushwa kwenye mwisho wa umio ili kuubana. Unamfaa mwenye ngiri kubwa au aliyethibitishwa kwa vipimo na hataki dawa za maisha, lakini wengine baadaye hushindwa kubeua au hurudi kwenye vidonge.

Kifua kinachobana huku mtu akitoa jasho, maumivu yakienda taya au mkono, ni tatizo la moyo hadi ithibitike vinginevyo: hospitali mara moja. Kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami, vivyo hivyo. Dalili inayocheleweshwa kuliko zote ni chakula kukwama. Kwanza nyama, kisha ugali, mwishowe hata uji, na uzito unashuka. Afrika Mashariki ni miongoni mwa maeneo yenye saratani nyingi ya umio duniani, na hutokea hata kwa watu wenye umri mdogo. Mgonjwa wa namna hiyo asirudishwe nyumbani na omeprazoli ya mwezi mwingine. Aandikiwe rufaa ya kamera wiki hiyo hiyo.

Wafamasia wasomaji wenu,
Morogoro