Walimu wenzangu, tusiwaachie chaki tukaenda zetu

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niwaseme walimu wenzangu, na kabla yao nijiseme mwenyewe.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Mbagala, nimebakiza miaka miwili nistaafu. Kila mwaka tunaletewa vijana kutoka vyuo vya ualimu waje kufanya mazoezi ya kufundisha, wale tunaowaita watu wa BTP. Siku wanaporipoti, ofisi yetu huwa kama ina sikukuu. Si kwamba tunawapenda sana. Mwenye vipindi 28 kwa wiki anajua sasa atabaki na vinane. Mwalimu wa taaluma hajamaliza kusoma majina, tayari wa Hisabati ameshawahiwa, na mwingine anauliza kama hawezi kupewa wawili.

Mwaka juzi nilimwahi mmoja. Kijana mpole, shati limepigwa pasi likanyooka, anatoka Gongo la Mboto na kubadilisha gari Tazara, na bado saa moja kasoro anakuwa ameshasaini. Nikamkabidhi Hisabati darasa la tano, watoto 112. Nikamwonyesha kabati la chaki na daftari la mahudhurio. Siku ya kwanza nilikaa naye kipindi kimoja, tena sikukimaliza. Baada ya hapo hakuniona tena darasani. Siku nyingine nilikuwa ofisini nasahihisha madaftari, na siku nyingine, mhariri, sitaki kukudanganya, nilikuwa nahangaika na hesabu za kikoba chetu. Mwalimu mkuu akiniuliza kuhusu kipindi, namjibu, "Yupo ticha wa BTP."

Wiki ya tano nikapita dirishani kwa bahati tu. Ubaoni ameandika 1/2 + 1/3. Akamwita binti mmoja, naye akajumlisha kiasi kwa kiasi, yaani namba za juu, na asili kwa asili, zile za chini, akapata 2/5. Kijana akampigia kosa, akafuta, akaandika KDS (kigawe kidogo cha shirika) ni 6, halafu 3/6 + 2/6, halafu 5/6. Akasema, "Haya, nakilini." Wakanakili. Ukimtazama hana kosa. Jibu ni sahihi, andalio la somo safi, na ukutani ametundika karatasi ya manila yenye chungwa lililokatwa vizuri. Kesho yake nilipokusanya madaftari, karibu nusu ya darasa walikuwa wameandika majibu ya namna ileile ya yule binti.

Kosa hilo nalijua kama ninavyoijua njia ya Rangi Tatu. Linakuja kila mwaka. Ukikimbilia KDS unalifunika tu. Mimi humuuliza mtoto hivi: ulikuwa na nusu chungwa, nimekuongezea kipande, sasa unaniambia unacho 2/5. Hebu tukate tuone, umeongezewa au umepunjwa? 2/5 haifiki nusu. Mtoto akigundua kuwa ameongezewa halafu akapungukiwa, anacheka mwenyewe, na hapo sasa KDS inakuwa na kazi ya kufanya. Kijana wangu hakulijua hilo, na angelijulia wapi? Halimo katika azimio la kazi wala katika madokezo ya chuoni. Lilikuwa kichwani mwangu, na mimi nilikuwa ofisini.

Nikakumbuka mazoezi yangu mimi, Kisarawe, mwaka 1989. Mwenye darasa alikuwa mama mtu mzima, mwenyeji wa huko huko. Alikaa nyuma ya darasa kila kipindi, anasuka ukili. Hanikatizi, haniangalii. Mikono inakwenda tu. Lakini nikikosea, ile mikono inasimama. Nilijifunza kuisikiliza mikono ile kuliko kengele. Ikisimama, narudi nyuma, nauliza swali upya, natafuta nilipowapoteza watoto, mpaka nisikie ukili umeanza tena kukwaruza. Jioni tunakaa chini ya mwembe ananiambia, "Mwanangu, pale uliposema hivi, yule wa dirishani alikuwa ameshalala." Nilikuwa nimesoma saikolojia ya mtoto chuoni, nikafaulu, na sikuwa nimemwona yule wa dirishani.

Wapo watakaosema kazi hiyo ni ya mkufunzi anayekuja kutathmini. Nawaheshimu wakufunzi, lakini tusemezane ukweli. Mkufunzi ana shule nyingi za kuzunguka katika jiji lenye foleni kama hili. Akifika anaona kipindi cha dakika 40, anajaza fomu, anaondoka. Na kipindi chenyewe mara nyingi kimefanyiwa majaribio. Tuliwahi kuwa na dada mmoja aliyefundisha somo lilelile siku iliyotangulia ili watoto wasimwaibishe. Mkufunzi amekaa, dada anageuka ubaoni kuandika swali, hajafika nusu ya sentensi, mtoto wa mbele akapaza sauti, "Sita!" Tulicheka ofisini wiki nzima. Lakini dada yule alifanya alichofundishwa na hali halisi: anayempa alama atamwona mara chache sana, kwa hiyo ajiandae kwa siku hizo.

Mimi ninayekaa na mwanachuo wiki zote za mazoezi, katika miaka yangu yote ya kupokea wanachuo, sijawahi kuandikiwa hata barua ya mstari mmoja kuulizwa huyu anafundishaje. Natakiwa kusaini tu kwamba alihudhuria. Sasa mtu akikuomba saini ya mahudhurio, utampa hiyo hiyo.

Watu huwacheka walimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, wanasema ni Ualimu Pasipo Elimu. Mimi nimefundishwa na mmoja wao huko Rufiji, baada ya Azimio la Musoma la 1974, wakati watoto wote walitakiwa shuleni na vyuo havikuwa vimetoa walimu wa kutosha. Alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba juzi tu. Asubuhi anatufundisha, mchana anasoma masomo yake kwa posta na redio. Alikuwa na mapungufu mengi, kuandika kwake tu kulikuwa taabu. Lakini kila mchana mwalimu mkuu alimwita barazani na madaftari yetu mkononi, na sisi tulioacha kalamu tukirudi kuzichukua tulisikia akiulizwa, "Hapa ulitaka waelewe nini?" Vijana wetu wa sasa wana elimu kubwa kuliko yule, lakini swali hilo hawaulizwi na mtu.

Ninachoomba si kikubwa. Wiki ya kwanza mwanachuo asishike chaki, akae nyuma atazame, na asitazame darasa moja tu. Aende darasa la kwanza aone mwalimu anavyowatuliza watoto mia bila fimbo. Baada ya hapo afundishe, na mwenye darasa awepo ndani. Maoni ya mwenye darasa yaingie katika alama, kwa maandishi, chuo kiyasome. Na vikao vyetu vya MEWAKA, ambapo walimu tunajadiliana masomo yanayotusumbua, mwanachuo akaribishwe alete kipindi kilichomharibikia badala ya kutumwa kununua vitafunwa.

Najua jibu la wenzangu, nimelisikia ofisini nilipolisema hili. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 madarasa yamefurika, walimu hatutoshi, na mtu wa BTP akija ndiyo nafuu yetu. Ni kweli. Lakini nafuu ya wiki nane inatugharimu. Watoto wangu 112 ilinibidi niwarudishe kwenye somo la sehemu mwezi mzima baada ya kijana kuondoka. Ningekaa naye ndani, tungekuwa watu wazima wawili kwa watoto wale, mmoja anafundisha na mwingine anapita kwenye madawati. Hiyo nayo ni nafuu.

Na nauli jamani. Kijana yule alikuwa anapanda magari manne kwa siku, chai ya shule anachangia kama sisi tunaolipwa mshahara, na mara mbili nilimkuta saa nne amejifungia maktaba anasema hasikii njaa. Vyuo viwapange vijana karibu na wanapolala.

Kabla hajaondoka nilimwomba radhi. Aliona aibu kuliko mimi, akasema, "Hapana mama, ulinisaidia sana." Sikumsaidia. Siku tatu za mwisho tulifundisha sehemu pamoja, na siku moja tulikata machungwa ya kweli, sakafu ikajaa maji na sisimizi wakaja.

Mwezi wa saba tutapokea wengine. Nimeshamwambia mwalimu mkuu kwamba nikipewa mmoja, nitakuwa ndani ya darasa kila kipindi. Kiti nitabeba mwenyewe kutoka ofisini, maana kwenye madawati ya darasa la tano hakuna pa kukaa.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Mbagala, Dar es Salaam