Taarifa ya mwenyekiti ya mwaka, na lile suala la baluni

Ndugu wanachama, assalamu alaykum na habari zenu nyote. Vikao vya kila miezi mitatu vilifanyika, mafunzo ya kuosha skopu, ule mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni hadi tumboni, kule Tudor pia, wagonjwa tulienda kuwaona, haya mnayajua sirudii.

Nataka niongee hili la baluni, ile ya kupanua mlango wa mfereji wa nyongo ili mawe yatoke kwa skopu, manake maneno yamezunguka sana. Ni kweli mimi ndo nilopendekeza 180,000 za hazina ziende kwa mafunzo ya siku mbili ya baluni kubwa na kikapu cha waya cha kuvunjia mawe, badala ya kuanza akiba ya ile kamera ndogo ya kuingia ndani ya mfereji wa nyongo. Wanaosema nimeamua peke yangu wakumbuke kamati iliitwa watu 9 tukaja 4, na nilingoja hadi magharibi, simu zote nilipiga kwa pesa yangu.

Sababu yangu ni hii. Mawe ya kwenye mfereji, kama asilimia 85 hadi 90, yanatoka kwa njia ile ile ilioanza Ujerumani na Japani 1974, unakata mlango wa mfereji unavuta. Yanayobaki ndo yanatutesa, jiwe limepita milimita 15, au yamejipanga mengi, au mfereji umebana chini yake. Na hata hayo, mengi yake ukikata kidogo halafu ukapanua kwa baluni ya milimita 12 hadi 20, isozidi upana wa mfereji wenyewe, linashuka zima. Likigoma unalivunja ndani ya kikapu. Kamera ndogo na leza yake ya kuvunjia mawe siipingi, ni kitu kizuri, lakini ni ya yale machache yaloshinda hayo yote, na kikapu kikishang'ang'ana na jiwe tumboni mwa mtu kinachotakiwa kwanza ni mkono unaojua kufunga kivunjio cha dharura. Nimesimama chumba kama hicho, watu wanaangaliana tu hakuna anayejua afanye nini, sitaki nikione tena.

Na jiwe likishindikana kabisa tunaweka stenti, kijibomba cha plastiki, nyongo ipite, mgonjwa arudi ndani ya miezi 3 hadi 6. Harudi! Macho yakipata manjano mgonjwa anapelekwa kuombewa kwanza, stenti imeziba, usaha umeingia kwenye mfereji. Nimeomba daftari la stenti, tujue nani kawekewa na arudi lini, vikao viwili, wapi.

Sasa ada. Tuko 41, walolipa ni 17. Mafunzo yenyewe walokuja 11, na 4 kati yao si wanachama, wametoka mbali wakavuka feri ya Likoni alfajiri, na wengine mko hapo Buxton tu hamkuja. Imeniuma jamani.

Mwaka ujao inshallah tuanze daftari, na kamera tuiangalie hali ikiruhusu. Ada bado ni 2,000, tuma kwa mweka hazina, namba ni ile ile.