Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Sera Zimepitishwa, Hazina Bado Tupu

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha mmeshagawiwa, sitazirudia. Mwaka huu kamati imeshughulika zaidi na swali moja: kwa nini chuo kinapitisha sera ya ufikiaji huria (makala za utafiti zisomwe na yeyote bila malipo), halafu hazina yake ya kidijitali, yaani hifadhi ya mtandaoni ya makala za wahadhiri wake, inabaki tupu?

Tatizo la kwanza ni maneno ya sera. Nyingi "zinamhimiza" mhadhiri aweke makala yake. Kuhimiza hakumpi mkutubi haki yoyote: mhadhiri akishamhamishia mchapishaji hakimiliki, chuo hakina pa kushika. Kitivo cha Sanaa na Sayansi cha Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kililiona hilo, na tarehe 12 Februari 2008 walimu wake walikubaliana kwa kauli moja kukipa chuo leseni isiyo ya kipekee (isiyomzuia mwandishi kuwapa wengine ruhusa hiyo) ya kusambaza makala zao, mradi zisiuzwe kwa faida. Hakimiliki hubaki kwa mwandishi. Leseni hiyo hutangulia mkataba wa jarida, na nguvu yake yote iko hapo. MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, walifuata Machi 2009, Chuo Kikuu cha California Julai 2013. Mwandishi anayebanwa na mchapishaji huomba msamaha, yaani leseni isitumike kwa makala husika, na hupewa. Baadhi yenu mnauona msamaha huo kama tundu. Mimi naona bila huo maprofesa wasingepiga kura.

Hata hivyo leseni haileti faili. Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, kiliamua kwamba anayeomba kupandishwa cheo atathminiwe kwa machapisho yaliyomo kwenye hazina yake, ORBi. Hapo faili zililetwa.

Faili linalotakiwa ni andiko lililokubaliwa: limepita kwa wahakiki na kusahihishwa, ila jarida halijalipanga kurasa. Wahadhiri huleta PDF yenye nembo ya jarida, ambayo mara nyingi mchapishaji haruhusu isambazwe. Ukiomba andiko lenyewe, limefutwa, au liko kwa mwandishi mwenza. Kwa hiyo liombwe siku barua ya kukubaliwa inapofika, si mwisho wa mwaka. Mkutubi afute maoni ya pembeni na alama za masahihisho (akisahau, majibizano na wahakiki yatasomwa na dunia nzima), kisha aangalie masharti ya jarida katika orodha inayotunzwa na Jisc, shirika la Uingereza la huduma za kidijitali kwa vyuo. Kukiwa na kipindi cha zuio (muda ambao jarida linakataza makala kuwekwa wazi), faili lifungwe, lakini kichwa na ikisari vionekane tangu siku ya kwanza. Katika DSpace, programu ya kuendeshea hazina, sehemu ya tarehe ya kufungua ikiachwa wazi, faili linakuwa wazi papo hapo. Kosa hili ni dogo kufanya, kubwa kueleza.

Jambo jingine: tazameni viungo vya hazina zenu. Mkikuta tarakimu 123456789, hicho ni kiambishi cha mfano kinachokuja na DSpace. Chuo hakijasajili chake katika Handle, mfumo wa viungo vya kudumu. Kiungo kinaitwa cha kudumu, lakini seva ikibadilishiwa anwani, kimekufa pamoja na kila rejeo lililokitumia. Sajilini kabla ya kupakia makala zaidi.

Kiolezo cha sera kimeambatishwa. Leseni na msamaha havina ubishi. Wajumbe wamegawanyika juu ya kipengele cha kupandishwa cheo: wapo wanaohofia kwamba umeme na mtandao vikikatika wiki ya mwisho ya maombi, atakayeumia ni mhadhiri. Napendekeza tukibakize, tuongeze kwamba barua pepe iliyomfikia mkutubi ikiwa na faili ihesabiwe kuwa makala imewekwa. Kipengele hicho kitapigiwa kura peke yake.