Mkweche nao upewe nafasi kwenye ukurasa wa magari

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Ukurasa wenu wa magari nausoma kila unapotoka na naupenda, lakini jamani kila mara ni gari jipya, na mkweche ukitajwa ni kwa kuonywa tu, usinunue, utajuta, litakumaliza hela. Hilo onyo ni sawa kwa mtu anayetaka gari la kumpeleka kazini kesho asubuhi. Ila tupo tunaonunua gari bovu makusudi, kwa bei ya chini, tukijua kabisa ni bovu, kwa sababu raha yetu iko kwenye kulitengeneza, na sisi hakuna anayetuandikia.

Na kuandikiwa tunahitaji sana maana wengi wanaingia kwa pupa. Mtu anakuta gari rangi imepauka, siti zimechanika, taa moja imepasuka, analikimbia, anaenda kuchukua lililopigwa rangi juzi linang'aa. Kumbe lile la kwanza pengine ndo lilikuwa la kununua! Siti na taa ni spea, unafungua nati unafunga nyingine. Kinachoua gari la zamani ni kutu, na kutu inapenda kujificha, iko chini ya kapeti, chini ya milango, kwenye matao ya matairi, na mbaya zaidi pale suspensheni inaposhikana na bodi. Nenda na sumaku ndogo, ifunge kitambaa isichubue rangi, ipitishe taratibu kwenye bodi. Ikishika vizuri hapo ni bati, ikifika sehemu ikaachia wakati gari ni la bati basi chini ya hiyo rangi kuna puti nene, ule udongo wa kuzibia bodi, na mtu alikuwa anaficha kitu. Alafu inua kapeti uguse kwa mkono, ukikuta unyevu tafuta maji yanaingilia wapi kabla hujaongea bei.

Injini ikutane na wewe ikiwa ya baridi, kwaiyo mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ikiwaka zunguka nyuma uangalie moshi. Wa bluu inaunguza oili, mweusi mafuta yanazidi, mweupe mzito ambao hauishi hata injini ikishapata moto, na maji ya rejeta yanapungua, hapo gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi juu na bloku ya injini chini, ndo ya kushuku kwanza. Hata hiyo kwa mtu wa burudani sio mwisho wa dunia, kama hedi yenyewe haijapinda.

Ushauri mwingine, chagua modeli iliyotengenezwa kwa wingi. Volkswagen Beetle ya zamani zilitoka zaidi ya milioni 21 mpaka ya mwisho kabisa ilipotengenezwa Meksiko mwaka 2003, ndo maana mpaka leo spea zake zinapatikana na mafundi wanaijua. Gari la ajabu lililotoka machache linavutia macho lakini utakaa miezi unasubiri kifaa kimoja.

Sasa likishafika nyumbani, hapa ndo naomba mniunge mkono kwa sauti kubwa: breki kwanza! Watu wanaanza na rangi na redio, inaniuma sana. Oili ya breki inafyonza unyevu hata gari likiwa limepaki tu, na ikishaingia maji inachemka mapema, unashuka mlima mrefu unakanyaga pedali inazama mpaka chini. Imwageni yote mweke mpya, toeni na upepo ulionaswa kwenye paipu za breki. Matairi nayo msiangalie kashata, yaani meno ya tairi, peke yake, pembeni kuna namba nne, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019, tairi la zamani sana linapasuka hata kama kashata zimejaa. Na hakuna kuingia chini ya gari lililobebwa na jeki tupu, weka stendi imara, sehemu ngumu na tambarare, ndo uingie.

Raha yake ni ngumu kumweleza ambaye hajawahi. Kuna nati imeshikana na kutu miaka na miaka, unaipiga brashi ya waya, unaiwekea mafuta ya kulainisha, unaiacha ilale, kesho unatia spana unavuta polepole, inatoa mlio mmoja mkali afu inaanza kuzunguka, mhariri siku hiyo unakula chakula umefurahi. Na gari ambalo umelifungua mwenyewe unalijua, likitoa mlio mpya unajua unatoka upande gani.

Naomba basi mtupe hata nusu ukurasa mara moja kwa mwezi, muwaite mafundi wazee waeleze wanavyorekebisha kabureta, kile kifaa kinachochanganya mafuta na hewa, kwa kusikiliza mlio wa injini tu, maana hiyo elimu haipo vitabuni na wenyewe wanastaafu.

Msomaji wenu wa siku nyingi