Kidonge peke yake hakimvushi mtu bandari

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie hofu ya ghafla, maradhi ambayo huku Pemba huitwa kila jina isipokuwa lake. Mdogo wangu, aliyekuwa akichuuza vitambaa baina ya Wete na Unguja, siku moja alishikwa bandarini Mkoani, tiketi mkononi na mguu mmoja ushakanyaga ngazi ya boti: moyo ulimwenda mbio, viganja vikalowa jasho, pumzi ikamkatika, akaamini kuwa roho inamtoka. Haikupita nusu saa yote yakatulia, na kipimo cha moyo hakikuonesha kasoro. Tokea hapo akaogopa boti, kisha gari ya abiria, kisha soko, mpaka Ijumaa akawa haendi msikitini bila ya kusindikizwa. Walikuja waganga wa kombe na wa kupunga pepo; siwalaumu, kwani ni sisi tuliowaita.

Kituo kimoja kilimpa diazepamu miezi mitatu bila ya maelezo. Dawa hiyo hutuliza kwa saa chache, lakini mwili huizoea, na mgonjwa hubaki akiamini kwamba kidonge ndicho kilichomwokoa. Baadaye aliandikiwa fluoksetini, dawa ya sonona na wasiwasi, ambayo huanzwa kwa kipimo kidogo kwa sababu siku za mwanzo huweza kuzidisha wasiwasi, na nafuu yake huchukua wiki kadhaa. Hakuelezwa hilo, siku ya nne akaitupa.

Aliinuka pale muuguzi mmoja alipomrudisha kwenye dawa hiyo na papo hapo akamfunza mazoezi. Alimpandisha ngazi mbio makusudi, ili aone kwamba moyo kwenda mbio siyo kufa. Kisha akamkalisha ndani ya gari iliyosimama stendi, halafu safari ya kituo kimoja, halafu Chake Chake siku ya soko, kwa sharti kwamba asishuke wala asikimbie mpaka hofu ipungue yenyewe.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2000, kwa wagonjwa 312 wa hofu hii ya ghafla, ulionesha kwamba baada ya tiba kusitishwa, waliopata mafunzo ya namna hiyo bila ya dawa iitwayo imipramini ndio waliodumu zaidi na nafuu yao. Sisemi dawa iachwe, kwani bila ya hiyo mdogo wangu asingethubutu hata kutoka uani. Nasema isitolewe pekee.

Ombi langu kwa wanaohusika na afya ni kwamba kila anayeandikiwa dawa hizi apewe pamoja nazo tarehe ya kuanza mazoezi, na wauguzi wa vituo vya shamba nao wafunzwe kuyasimamia.

Msomaji wenu,
Wete, Pemba