Majibu ya kinyama cha mama

Moshi, Jumapili jioni

Mpendwa rafiki yangu Rehema,

Picha ya majibu ya kinyama cha mama, yasemayo ana melanoma (saratani ya ngozi) kwenye unyayo, imenifika, na nimeyasoma mara tatu kabla ya kushika kalamu. Pole sana. Unaniuliza kama kipimo cha protini kiitwacho Ki-67 kitatueleza ugonjwa utaelekea wapi.

Mimi ningeanza na mstari ule mfupi wa chini: kina cha uvimbe milimita 2.6, pana kidonda. Kipimo hicho cha kina alikieleza Alexander Breslow huko Marekani mwaka 1970, na hadi leo katika melanoma isiyosambaa hakuna alama ya tishu iliyokishusha cheo. Tunapima kwa darubini, kuanzia tabaka la chembechembe la ngozi ya juu hadi seli ya saratani iliyozama kuliko zote. Lakini ngozi ikiwa imeliwa, kama unyayo wa mama, tunaanzia sakafu ya kidonda. Kuzidi milimita 2 bila kupita 4, pamoja na kidonda, ndiyo hiyo T3b uliyoiona, yaani daraja la uvimbe wenyewe.

Ki-67 huonyesha seli zinazojigawa, viini vyake vikigeuka kahawia kwenye slaidi. Inasaidia, ila haiamui matibabu peke yake. Kilichonipa faraja ni sentensi isemayo kwamba seli za kinga zimejipenyeza kwa wingi ndani ya uvimbe, kwa kuwa hiyo kwa kawaida ni dalili njema. BRAF, jeni inayopimwa kwenye uvimbe, ni ya kuchagulia dawa, na katika melanoma za unyayo mabadiliko yake hupatikana kwa nadra kuliko katika zile za ngozi ipigwayo na jua. Muulize daktari, kabla ya yote, kuhusu kuchunguza mtoki wa kwanza wa kinena, ule ambao saratani ikisambaa kutoka unyayo ingeufikia kwanza.

Namba ya mama iamini, maana alikatwa kipande kizima. Niliwahi kuletewa kinyama cha unyayo kilichokwanguliwa juu juu, seli za saratani zikigusa wino tunaopaka kuonyesha ukingo wa chini, nikalazimika kuandika “si chini ya milimita 1.1”. Iliniuma, kwa sababu mgonjwa yule alistahili jibu kamili.

Mkipewa rufaa, omba slaidi pamoja na kipande cha nta kilichohifadhi kinyama, ubebe mwenyewe mkononi, na usiviweke juani ndani ya gari.

Mpe mama shikamoo yangu.

Rafiki yako,
Neema